Je, Zahanati ya Mtaani Yatosha?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa, na nauza mahamri. Mtoto akishikwa na homa navuka feri alfajiri kwenda hospitali kubwa ng'ambo, nakaa foleni hadi adhuhuri, na siku hiyo biashara hulala. Majirani husema zahanati yetu ni ya kupewa panadol tu, na isitoshe sijaanza kulipia SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya. Nifanyeje?
Mama Mahamri, Likoni

JIBU: Pole sana, mama, kwa safari hizo na mtoto mgonjwa mgongoni. Kauli ya majirani siikubali. Zahanatini mtoto hutobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, na baada ya dakika kama 20 mnajua iwapo ni malaria au sivyo. Hapo hapo watoto huchanjwa na kupimwa uzito, na akiwa na jambo linalowashinda wahudumu, wewe huandikiwa barua ya rufaa.

Kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, watu wengi huchanganya kujisajili na kulipa. Matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharimiwa na hazina maalumu inayotiwa fedha na serikali, kwa hiyo aliyejisajili anastahili kutibiwa huko bila malipo hata kama hajaanza kuchanga. Mchango wenyewe, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, utauhitaji mtu wenu akilazwa. Chukua kitambulisho chako, bonyeza *147#, na usisahau kuwaandikisha watoto wote watatu chini yako.

Sitakuficha kwamba kuna siku dawa huwa zimekwisha, ukaambiwa ukanunue dukani, na jambo hilo humuumiza sana mama anayehesabu faida ya sinia moja la mahamri. Hata hivyo, kupimwa karibu na kujua ugonjwa ni upi tayari kumekuokolea nauli na siku nzima.

Lakini mtoto akipata degedege, akihema kwa shida, au akitapika kila anachopewa, usingoje zahanati ifunguliwe asubuhi. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Likoni penyewe ipo hospitali ya kaunti ndogo, ambayo utaifikia kabla hujaiwazia feri.