Kwanza Pampu

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtu wa nyumbani kwenu amepata kiti cha magurudumu. Ungemnunulia nini cha kwanza cha kuambatana nacho?" Najua wapo watakaosema mwavuli, na wapo watakaosema koti la mvua. Mimi nasema pampu ya mkono, ile ile ya baiskeli.

Ni fundi baiskeli hapa Tanga. Kibandani kwangu viti vya magurudumu huletwa pamoja na baiskeli, kwa sababu tairi, tyubu, spoki na gololi zake nazijua. Neno ninaloambiwa zaidi na wenye viti ni "Fundi, breki zimekufa." Nikiinama kuangalia, mara nyingi nakuta breki ni nzima kabisa. Tairi ndilo halina upepo.

Breki ya kiti cha kawaida ni kipande cha chuma kinachobana mpira wa tairi ukivuta au kusukuma mkono wake. Kazi yake ni kushikilia kiti kilichokwisha kusimama. Tairi likiwa limejaa, chuma huzama kidogo kwenye mpira na gurudumu halitikisiki. Upepo ukipungua, chuma kinagusa tu, au hakifiki kabisa. Sasa mfikirie bibi anayehama usiku kutoka kitini kwenda kitandani. Amefunga breki zote mbili, amezisikia zikilia, ameamini. Anaegemeza uzito wake wote kwenye mikono, kiti kinarudi nyuma, naye anaanguka sakafuni. Nyonga ya mtu mzima ikivunjika haiungi upesi, na chanzo chake ni tairi ambalo lingejazwa kwa dakika chache.

Ndiyo maana sipendi fundi anayeletewa kiti cha namna hiyo akalegeza bolti za breki na kuisogeza karibu na tairi lililolegea. Siku tairi likijazwa, breki hiyo haitafungika, au mwenyewe ataifunga kwa nguvu mpaka ipinde. Jaza upepo kwanza, kisha jaribu breki, na ikiwa bado haishiki ndipo uiguse. Jaribio lenyewe ni jepesi: kiti kitupu, breki zote mbili zimefungwa, sukuma kwa nguvu kutoka nyuma. Magurudumu yasizunguke. Tairi nalo likandamize kwa kidole gumba. Linatakiwa libonyee kidogo sana. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa hiyo usijaze kwa kukisia, hasa kiti kinachoshinda juani. Na kabla hujanunua pampu angalia mdomo wa tyubu: mingine ni mipana kama ya gari, mingine ni myembamba ya baiskeli, na pampu ya huku haiingii kule.

Upepo una mengine pia. Tairi moja likilegea kuliko jingine, kiti kinavuta upande huo, na mtu anasukuma mkono mmoja zaidi kutwa nzima. Yote mawili yakilegea, kila mzunguko unakuwa mzito, na mabega ndiyo yanayolipa. Mtu anayetumia kiti hana mabega ya akiba. Kwa hayo hayo anajisukuma, anajinyanyua, anahama kitandani, anaoga. Wapo wanaokimbilia matairi yasiyojazwa upepo ili waepuke pancha. Kwenye sakafu ya saruji sina neno. Kwenye barabara zetu za mawe hayo huwa mazito na hupeleka kila mtikisiko kwenye spoki na kwenye mgongo wa aliyekaa. Pancha inazibika.

Baada ya pampu, jicho liende kwenye magurudumu madogo ya mbele. Huko hujikusanya nywele, nyuzi za kanga, vipande vya mifuko, mchanga. Uchafu huo ukijisokota kwenye ekseli, gurudumu linakuwa gumu, na siku moja linagoma mbele ya ufa mdogo wa saruji huku kiti kikiwa kwenye mwendo. Aliyekaa hurushwa mbele. Pindua kiti kila wiki, toa nyuzi kwa wembe au koleo, kisha zungusha kwa kidole usikilize. Likikwaruza, gololi zinataka kusafishwa na grisi mpya. Likitetemeka kushoto na kulia ukiongeza mwendo, nati ya juu ya uma wake, yaani chuma kinacholishika gurudumu, imelegea. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, na tia tone la oili kwenye viungio vya kukunjia. Oili isifike kwenye tairi wala kwenye chuma cha breki. Na tafadhali msikioshe kwa mpira wa maji yenye kasi. Maji hayo huingia kwenye gololi na kutoa grisi yote.

Sasa kwa wanaosukuma. Mimi siendeshi kiti, haya nimefundishwa na wateja wangu wenyewe, na wananisahihisha mpaka leo. Kwanza, mwambie mtu kabla hujamgusa: "Baba, nakupandisha sasa." Kupanda ukingo, kanyaga bomba la nyuma chini ya kiti, inua magurudumu ya mbele, yaweke juu, ndipo usukume. Kushuka ukingo au mteremko mkali, geuza: magurudumu makubwa yatangulie, wewe ukiwa chini yake, mkienda kinyumenyume taratibu, ukitazama nyuma yako. Breki usizitumie kupunguza mwendo. Kiti kikihitaji kubebwa chenye mtu, shikeni fremu na vishikio vya nyuma vilivyokazwa. Mikono ya kuegemea na vikanyagio vya miguu katika viti vingi huchomoka, na vitawabaki mkononi huku mzee akienda chini. Mzigo mzito usiutundike nyuma, maana kwenye mwinuko kiti kitalala chali.

Anayehama asikanyage kamwe vikanyagio vya miguu. Avikunje kwanza, kwani uzito wake wote ukienda huko mbele, kiti kinapinduka. Kwenye daladala, chomoa mto na kila kinachochomoka kabla konda hajakishika kiti, ubaki navyo mwenyewe, maana vikidondoka njiani havipatikani tena.

Mto wenyewe nautaja kwa heshima. Mtu aliyepoteza hisia chini ya kiuno hasikii ngozi ikiumia, na kidonda cha kukaa muda mrefu kinaweza kufika mfupani na kuua. Mto mzuri husaidia, lakini bado ajinyanyue au ainamie mbele na pembeni mara kwa mara kutwa, na ngozi ikaguliwe kila jioni. Kwa sababu hiyo hiyo asipakate sufuria la moto, asiegeshe miguu karibu na jiko la mkaa, na kiti kilichoachwa juani kiguswe na mwenye hisia kabla hajakalia.

Yapo maneno kwa wanaotoa misaada, nao najua wanasoma jarida hili. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya kusukumwa kwa mkono kwa nchi kama zetu. Huduma ilipangwa kwa hatua 8, na kumfundisha mtumiaji pamoja na matengenezo na ufuatiliaji ni miongoni mwa hizo 8. Hapa nchini, Moshi, katika TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, wamefundishwa mafundi wa kumpima mtu na kumwekea kiti kinachomfaa. Ujuzi upo. Lakini bado naletewa viti vilivyogawiwa kwa hotuba na picha, vimefika kwa mtu bila kupimwa, matairi yake ya ukubwa usiouzwa mjini hapa, na hakuna aliyemwonyesha breki inavyofanya kazi. Kiti cha namna hiyo hukaa uani na kutu, na mwenyewe anarudi kutambaa. Inaniuma kila ninapokiona.

Kwa hiyo ukitaka kumchangia mtu kiti, kabla hujalipa chukua vipimo vya tairi zake umuulize fundi baiskeli wa mtaani kwake kama tyubu hizo anazo. Kisha kwenye begi dogo weka pampu, viraka na gundi, spana zinazoenea nati zake, na tyubu moja mpya. Siku ya kumkabidhi, mwache ajaze tairi moja kwa mkono wake mwenyewe, au amjazishe atakayekuwa naye nyumbani, na mjaribu breki pamoja kabla hujaondoka.