Maswali ya Wasomaji: Picha ya Mgonjwa Kabla Haijaondoka Kwenye Simu

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Nimepiga picha ya kidonda cha mguu kilichopona vizuri ajabu, nataka kuiweka mtandaoni wenzangu wajifunze. Uso hauonekani, na mgonjwa alisema "sawa tu". Kuna tatizo?

JIBU: Lipo, tena linaanzia kwenye hiyo "sawa tu". Mtu anayekungoja umfunge bandeji hawezi kukukatalia kirahisi. Kukubali kutibiwa ni jambo moja, kupigwa picha ya kuwekwa kwenye faili lake ni jingine, kuonyeshwa mtandaoni ni la tatu. Ridhaa iwe ya maandishi: picha ipi, itawekwa wapi, nani ataiona, na kwamba akikataa matibabu yake hayabadiliki. Ni vyema aombwe na mtu asiyemhudumia. Mwonyeshe picha yenyewe kabla hajatia saini, na usimfiche kwamba ana haki ya kubadili mawazo kesho, ila picha ikishasambaa hairudi.

Sasa ikague pembe kwa pembe. Utepe wa mkononi wenye jina, nembo kwenye shuka, chale, kovu la zamani: kwa ndugu yake hivyo vinatosha. Maelezo ya chini ndiyo huumbua zaidi. "Mvuvi wa miaka 62, kalazwa Jumanne" ni sawa na kumtaja jina. "Mwanamume wa makamo" inatosha. Kazi na siku achana navyo.

Faili nalo lina mambo yake. Kamera ya simu huandika ndani ya picha tarehe na saa, na GPS ikiwa imeruhusiwa, mahali ulipokuwa. Kwa hiyo izime GPS kwenye kamera kabla ya kupiga. Picha ikitumwa kama hati badala ya picha, taarifa hizo kwa kawaida huenda nayo. Kumbuka pia simu yako huenda imeshapeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata kama umeifuta kwenye simu.

SWALI: Mstari mweusi machoni hautoshi? Kwenye slaidi zangu naweka siku zote.

JIBU: Hautoshi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) inasema wazi kwamba kufunika macho hakumfichi mtu. Pua, masikio na kidevu vinabaki. Isitoshe, kisanduku cheusi ulichochora juu ya slaidi, yeyote mwenye faili hukisogeza pembeni. Hata ukikata picha humo humo, kipande kilichokatwa mara nyingi hubaki ndani ya faili. Kata kwenye programu ya picha, hifadhi nakala mpya, ndipo uilete kwenye slaidi. Eksirei na ultrasaundi zichunguze kingoni, jina na tarehe ya kuzaliwa hukaa pale. CT ya kichwa, yaani picha nyingi zinazokionyesha kipande kwa kipande, ni hatari ya aina yake: mwenye picha hizo zote anaweza kuujenga uso upya.

SWALI: Na mgonjwa akiwa ameshafariki?

JIBU: Siri yake haifi naye. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1948, tangu liliporekebishwa mwaka 1968 linamtaka daktari aitunze hata baada ya kifo. Ombeni ridhaa ya familia kwa maandishi, na kama marehemu alikwisha kukataa akiwa hai, msiwaulize hata hao.