Kozi ya CNA ukiwa Mwanza: usitume hela kwanza

Mdogo wangu wa Igoma, umeuliza kama ulipie kozi ya CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, kwa mfumo wa Marekani) ya mtandaoni ili ukauguze wazee Marekani. Subiri kwanza. Cheti kile hutolewa na jimbo husika la kule. Sheria yao inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, yakiwemo ya vitendo chini ya muuguzi, kisha mtihani wa nadharia na wa vitendo. Na hayo ya vitendo ndiyo kazi yenyewe: kuogesha, kulisha, kumgeuza asiyejiweza asipate vidonda vya mgongo. Aliyepooza upande mmoja, ukimvisha shati unaanza na mkono uliopooza. Ukimvua, unaanza na ule mzima. Hilo simu haikufundishi, hata kama bando lako ni la mwezi. Na cheti si viza.

Kama Biolojia, Kemia na Fizikia ulifaulu kidato cha nne, mimi ningeenda uuguzi wa hapa hapa, maana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inakuruhusu kufanya kazi nchini. Chuo chochote utakachopenda, hakikisha kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi) kabla ya kulipa hata hela ya fomu.