Lamu mpaka New York, usinunue tiketi kabla ya kusoma hii

Dada umeuliza kutoka Lamu hadi New York kwa bintiyo unabadilisha ndege mara ngapi, jibu ni mara moja tu ukipanga vizuri. Asubuhi unavuka na boti mpaka kisiwa cha Manda kwenye uwanja wa ndege, unapanda ndege ya Nairobi, halafu usiku unachukua ile ya Kenya Airways inayokwenda moja kwa moja mpaka JFK, uwanja wa New York, ilianza Oktoba 2018, ni kama masaa 15 hewani bila kutua popote.

Sasa hapa ndo watu hupotea. Ndege za Manda zingine zinashuka Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, si JKIA, ule mkubwa inakoondokea ndege ya New York, na mimi mwaka mmoja sikuangalia tiketi nikajikuta Wilson na mabegi yangu, teksi, jam ya Mombasa Road, wallahi nilisoma dua zote ninazozijua, kwa hiyo usipange kuunganisha kwa masaa mawili, enda mapema hata ukakae uwanjani na kahawa yako.

Mizigo nayo, hizi ndege ndogo nyingi ni kilo 15 tu, mimi siku hizi begi kubwa nalituma na basi kutoka Mokowe, ng'ambo ya Lamu upande wa bara, siku mbili kabla nikalichukue Nairobi. Halwa na visheti beba, ila uwaambie forodha una chakula, nyama usijaribu, watakunyang'anya.

Na ukifika usipige simu huku jioni ya kule, sisi tuko mbele masaa 7, baridi ikiingia yanakuwa 8, tutakuwa tumelala.