Mvua ya WRF ni dira ya maji: toa, usijumlishe

Mkuu, usiiguse hiyo skripti! Umesema unataka kuiga kwa WRF, modeli ya kompyuta ya hali ya hewa, ile mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 kule Falme za Kiarabu, ukauliza vijisanduku vya gridi viwe vya kilomita 3 au 1, skimu ipi ya mawingu (kanuni za kuhesabu matone na mvua), na ununue kompyuta gani. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja chumvi, ukasema namba za RAINNC (mvua inayotoka kwenye modeli) za kila saa "utazijumlisha tu" upate mvua ya saa 48. Chai yangu ikapoa hapo hapo.

RAINNC si mvua ya saa ile. Ni mvua yote iliyokusanyika tangu modeli ianze kazi. Ni dira ya maji ile iliyopo ukutani kwako: msomaji akija mwisho wa mwezi anatoa namba ya mwezi uliopita, ndipo anakutoza. Angekuwa anajumlisha kila anachosoma, wangekudai mto Pangani wote.

Mimi nilijumlisha. Cheka, nakusubiri.

Nilipata milimita zaidi ya 3,000 karibu na Dubai, mji ambao kwa wastani haufikishi hata 100 kwa mwaka. Nikamfuata jamaa aliyenipa skripti, mtu wa kutembea na laptopu mbili. Hakufungua hata faili. "Jangwani modeli huwa zinapagawa, badilisha skimu." Akanipa na darsa: hewa ya chini ni kavu, matone hukauka kabla ya kufika ardhini, modeli hailioni hilo vizuri. Hoja yenyewe ina ukweli, ndiyo maana nilimeza. Nikatoka skimu ya Thompson nikaenda WSM6, nikaenda Morrison. Kila zoezi usiku mbili, hapa Ngamiani umeme ukikatika unaanza upya. Miezi minne, mkuu! Na seva ya kukodi juu.

Namba hazikushuka. Bwana mkubwa wa laptopu mbili akasema basi, tafuta kigawanyo. Nikagawa kwa 28, ramani ikapendeza, nikaiwasilisha nimevaa na koti.

Mzee mmoja nyuma akauliza swali moja: "Kijana, mbona kwenye grafu yako mvua hainyeshi ikakoma?" Nikaanza kueleza unyevu wa Ghuba. Bado naota lile swali.

Kigawanyo hakiponyi kitu, kwa sababu mvua iliyotangulia huhesabiwa mara nyingi kuliko iliyochelewa. Wingu lililonyesha magharibi mapema likavimba, mashariki ikapungua. Na mashariki ndiko Al Ain iliko, ambako kituo cha Khatm Al Shakla kilipima milimita 254.8 kwa chini ya saa 24, rekodi tangu vipimo vianze mwaka 1949. Ramani yangu ilipakausha.

Kwa hiyo: namba ya mwisho TOA namba ya mwanzo. Ukitaka ya saa moja, toa ya saa iliyotangulia. Ukiianzisha modeli upya kutoka mwanzo kila siku, hesabu inarudi sifuri, usivuke hapo kwa kutoa. Na kwenye gridi ya nje, ile pana inayoizunguka ndogo, yenye skimu ya kumulasi (ya mawingu madogo kuliko vijisanduku vyake), ongeza RAINC, yaani mvua ya skimu hiyo inayoandikwa kando. Hii ndiyo jumlisha pekee ninayokuruhusu. Saa nazo ni za UTC, saa ya kimataifa: sifuri yake ni saa tisa usiku hapa Tanga na saa kumi alfajiri Dubai, usije ukalinganisha siku mbili tofauti na kituo.

Gridi, chukua 3, na humo kumulasi uizime. Skimu, yoyote kati ya zile tatu uanzie nayo. Mimi sina hamu nazo tena. Kulikuwa na swali lingine... la kompyuta? Subiri kwanza. Chagua nukta moja tu, Al Ain, andika RAINNC ya kila saa kwenye karatasi, uiweke hapa. Ikishuka hata mara moja katikati ya zoezi, niite.