Barabara Zikifungwa, Dawa Tutazipataje?

Tangu Ebola ilipozuka Kampala Januari 2025, wasomaji wamekuwa wakiniuliza jambo moja kwa namna nyingi: lokdauni kama ile ya korona ya 2020 ikirudi, sisi tunaomeza ARV, dawa za VVU, tutafanyaje? Kampala haikufungwa safari hiyo, lakini hofu naielewa. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa ajili ya Ebola Oktoba 2022 kwa siku 21, kisha siku zikaongezwa. Majina ya waulizaji nimeyaacha makusudi.

Mwaka 2020 nilikwenda kuomba kibali cha kufika kliniki. Afisa akaniuliza mbele ya foleni nzima naumwa nini. Niliona aibu nikarudi nyumbani. Ikitokea tena nifanyeje? (Mama, Mityana)

Pole, dada. Hukuwa peke yako. Mwisho wa Machi mwaka ule taksi zilisimamishwa, magari binafsi yakafuata, boda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu, na saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Dawa stoo zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia, na njia yenyewe ilipitia mezani kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, aliyetoa vibali. Wajawazito waliondolewa sharti la kibali baada ya wiki chache tu, kwa sababu kilio chao kilisikika hadharani. Sasa mwenye VVU atalia hadharani vipi?

Huna deni la kumtajia afisa ugonjwa wako. "Nina miadi ya kliniki" inatosha. Iombe kliniki barua yenye muhuri na tarehe ya miadi, isiyotaja ugonjwa, na uiombe mapema, kabla hakujachafuka. Namba ya simu ya kliniki iandike nyuma ya kadi yako. Wakati ule wahudumu wengi waliwapelekea watu dawa kwa boda na baiskeli, lakini walimfikia yule waliyeweza kumpata kwa simu. Ukibadilisha laini, waambie.

Kubwa zaidi: kama umezoea dawa na kipimo cha wingi wa virusi kiko vizuri, omba upewe za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Utaratibu huo upo. Usingoje muuguzi akukumbushe, maana ana foleni ndefu mbele yake.

Naendesha lori Mombasa hadi Kampala, dawa nachukua Kenya. Nikikwama mpakani je? (Dereva, Malaba)

Kaka, unakumbuka foleni za 2020, malori yakingoja majibu ya korona. Ingia kituo chochote cha afya cha serikali ukiwa na kadi yako, au hata picha ya kadi kwenye simu, pamoja na chupa ya dawa. ARV ni bure hapa kama kwenu, na kidonge cha TLD, chenye dawa tatu ndani yake, wanachomeza wengi ni kile kile pande zote mbili za mpaka. Omba za kukufikisha nyumbani. Za akiba usiziache kwenye dashibodi, jua litaziunguza.

Nitamezaje dawa kali tumbo likiwa tupu? (Msomaji, Kawempe)

Swali hili lilijaa mitaani siku zile za kungojea posho na maharage ya serikali, kilo sita za unga na tatu za maharage kwa kila mtu, na si kila mlango uliofikiwa. TLD inamezwa hata bila chakula. Ikikuchafua roho, zungumza na muuguzi muihamishie saa ile ambayo huwa unapata walau uji, kisha ushike saa hiyo hiyo kila siku. Angalizo kwa wajawazito: vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vimeze pamoja na TLD ikiwa tu unakula chakula. Kama huna chakula, meza TLD kwanza, usubiri muda wa saa mbili ndipo umeze hivyo vingine. Aliyetangulia kumeza vya damu au kalsiamu asubiri muda wa saa sita ndipo ameze TLD. Kama chupa yako ina jina lingine, muulize muuguzi kabla ya kufuata maneno yangu.

ARV zinakinga korona?

Hapana. Chanjo ipo.

Waliniletea dawa kwa gari lenye nembo. Tangu siku hiyo majirani wananitazama kwa jicho la pembeni. (Msomaji, Arua)

Waliokutumia gari hilo walikutakia mema, ila hawakufikiri. Kuletewa dawa si lazima kuwe mlangoni. Chagua mahali mwenyewe: dukani, sokoni, kwa rafiki anayejua. Sema unataka mfuko wa kawaida. Vipo pia vikundi ambavyo mmoja huenda kuwachukulia wenzake, lakini usisukumwe kuingia kundi usiloliamini. Chukulia dawa zako kliniki kwa foleni ya haraka, hakuna atakayekulaumu.

Najua na shida ya chupa: ukiitikisa inalia, na nyumba zetu za chumba kimoja hazina siri. Wengi huvitoa vidonge wakavifunga kwenye karatasi au kitambaa. Usifanye hivyo. Vikipata unyevu vinaharibika, na kile kipakiti kidogo mnachokitupa kimewekwa ndani ili kunyonya unyevu. Acha vidonge kwenye chupa, funga kifuniko sawasawa, kisha ndiyo uvingirishe chupa nzima kwa leso na uiweke katikati ya nguo, mbali na jiko.

Nilikosa dawa wiki tatu. Naogopa kugombezwa. Nimeze mbili mbili kufidia? (Kijana, Bombo)

Usimeze mbili mbili. Nenda kliniki kesho, si Jumatatu ijayo. Ukiacha dawa virusi huamka na kuongezeka, na vikikutana na dawa ya kuokoteza leo moja, keshokutwa moja, vinaweza kujifunza kuishinda. Ndiyo maana pia sikushauri uombe za jirani: zake huenda si kama zako, naye zitamwishia mapema.

Ukifika, taja wiki tatu kama zilivyo. Ukisema siku mbili, daktari atasoma vibaya kipimo chako na huenda akabadilisha dawa bila sababu. Wa kukugombeza huenda yupo, sikufichi. Kliniki nyingi zina mwenzetu anayemeza ARV na anayefanya kazi pale ya kusaidia wagonjwa. Mwulizie huyo kwanza, uingie naye.