Huruma si kumeza maneno

Umeuliza kama kuzungumza kwa huruma ni kukubali kuonewa kwa upole. Hapana. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuufundisha mtindo huu miaka ya 1960, aliugawa katika mambo manne: ulichokiona, unavyojisikia, unachohitaji na unachoomba. Kwangu gumu zaidi ni hilo la kwanza. "Hunijali" ni hukumu. "Nimekupigia mara tatu leo na hukupokea" ni jambo lililotokea, unayemwambia hana cha kubishia. Ombi nalo liwe dogo, la kutendeka, na akikataa usinune. Ukinuna, basi ilikuwa amri iliyovishwa nguo za ombi. (Hapo mimi bado naanguka, hasa nikiwa na njaa.)

Kwenye mambo ya jamii ni vilevile. Ukimwendea kiongozi na "nyie wezi", atajitetea tu. Mweleze kilichotokea, kimemuumiza nani, mnataka afanye nini na lini.

Ila kama kuna hatari ya kupigwa, ondoka kwanza, maneno baadaye. Hata Rosenberg alikubali kutumia nguvu ili kulinda, si ili kuadhibu.